Maiti wa Nguo ya Buluu

"Maiti wa nguo ya buluu! Wewe, hapo kwenye gurudumu! Rudi ulivyokuwa!"

Sauti ya kipaza sauti ilipita juu ya uwanja wa vita ikagonga kuta za Roma, ambazo zilikuwa mbao zilizopakwa plasta, nje kidogo ya mji wa Ouarzazate. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Watu wapatao mia moja walikuwa wamelala vumbini, wamekufa, wakisubiri kufa tena mbele ya kamera. Klara, Mcheki ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna kinachosogea kati ya picha moja na inayofuata, alirudia amri yake kwa Kifaransa, kisha kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. Maiti wa nguo ya buluu hakutii.

"Moha, amka bwana, unaitwa!" maiti mmoja alipaza sauti, kilemba kikiwa bado kimemfunika uso.

"Mwacheni, amesinzia. Jana alikuwa harusini."

"Huyo hasinzii, anatuonyesha sisi wanagenzi jinsi ya kufa!"

Walicheka. Bado walikuwa wakicheka Klara alipofika, akainama, akamshika Moha begani, kisha akapiga yowe ambalo halikuhitaji mkalimani.

Inspekta Izza Amghar wa polisi wa upelelezi alipowasili, jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa bila yeye. Kijana mwembamba aliyevaa deraya ya askari wa Kirumi alikuwa amelazwa kifudifudi, na wanaume watatu wamemkalia mgongoni. Jina lake Idder. Katika picha, yeye ndiye aliyempiga Moha mkuki na kumwangusha.

"Tumemwona wote," alisema mmoja wa waliomkalia. "Tumemwona akimchoma! Tukasema, wallahi, leo wameigiza vizuri."

"Na jana alimwapia," aliongeza wa pili. "Mbele za watu. Alisema, 'Nitakuua.'"

"Mkuki uko wapi?" aliuliza Izza.

Alipewa. Aliukunja ncha kwa kidole gumba. Ulikuwa wa mpira.

"Mwondokeeni," alisema. "Mtamvunja mbavu, kisha nitakuwa na kesi mbili."

Kamishna hakuusikiliza sana ule mpira. Alikuja na gari lake, akasimama kivulini, akasema anachotaka: kijana afikishwe kwa mwendesha mashtaka alasiri hiyo hiyo. Mji huu unaishi kwa filamu. Mgeni akisikia kwamba maiti wa Ouarzazate wanakufa kweli, atapeleka Roma yake Tunisia.

"Watu mia wamemwona, na kamera tatu juu," alisema. "Unataka shahidi gani tena, Izza? Malaika?"

"Nataka silaha, bwana Kamishna."

"Una mpaka alasiri."

Izza alirudi kwa Moha. Kwa muda mrefu alimtazama tu, mikono nyuma. Marehemu alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, msimamizi wa waigizaji wa umati: yeye ndiye aliyekuwa akipita vijijini kuchagua nani awe mtumwa, nani awe askari, nani afe. Asubuhi ile maiti walikuwa wamepungua mmoja, naye akajilaza mwenyewe kujaza nafasi. Sasa alikuwa amelala ubavu wa kulia, miguu imenyooka pamoja, macho yamefumba. Nguo yake ya buluu ilikuwa imelowa wekundu chini ya kwapa la kushoto, na nyuki wawili walitembea juu ya wekundu huo.

Daktari alipiga magoti, akapangusa kwa pamba. Pamba ilinata.

"Sukari," alisema. "Damu ya filamu." Akapangusa tena, kwa nguvu zaidi. Chini ya ute ule mwekundu kulikuwa na ute mwingine, wa kahawia, uliokwisha kuanza kuganda. Na chini yake, katikati ya mbavu mbili, tundu dogo mno kwa kifo cha mtu mzima. "Kisu chembamba. Kimekwenda moja kwa moja moyoni. Hata kupiga kelele hakuwahi, labda mguno."

"Damu yake iko chini, ya sukari iko juu?"

"Ndiyo."

"Una hakika na mpangilio huo?"

"Inspekta, mimi hupangusa ninachokiona."

Alikwenda kwa Klara. Mwanamke huyo alikuwa ameketi kwenye sanduku, amekumbatia kamera yake ndogo kama mtoto mgonjwa. Walizungumza Kifaransa.

"Unapiga picha kila baada ya kurekodi?"

"Kila mara. Ili wakirudia, kila mkono uwe ulipokuwa." Alibonyeza, akamwonyesha. "Hii ni baada ya mara ya kwanza. Tazama."

Moha alikuwa chali, mikono imetanda, kichwa karibu na gurudumu la kigari cha vita. Jicho moja lilikuwa wazi. La pili alikuwa amelifumba, akimkonyeza mpigapicha. Alama ya damu ilikuwa tumboni, pale mkuki wa mpira ulipomgusa. Kwapani hapakuwa na kitu.

Izza aliitazama picha ile tena. Idder alimpiga mkuki, Idder akaondoka, na baada ya hapo Moha alikuwa hai, anakonyeza.

"Halafu?"

"Halafu tukapumzika. Wanachoma majani makavu na matairi kuongeza moshi, tukasubiri utande. Maiti hawaruhusiwi kuinuka. Hujifunika uso kwa vilemba, maana moshi unachoma macho. Kisha nikaangalia kwenye kioo cha kamera nikamwona amegeuka." Akaiweka kamera magotini. "Nikamkemea. Nimemkemea mtu aliyekufa, kwa kipaza sauti."

"Ukimpanga mtu maiti, kuna namna wanayoikataa?"

Klara alishangaa swali. "Ajabu unauliza. Siku ya kwanza niliwataka baadhi walale ubavu, wakitazama kule jua linakochomoza, mwanga ungewafaa sana. Walikataa katakata. Kulala chali sawa, kifudifudi sawa, vichwa kwenye shimo sawa. Vile, hapana. Moha mwenyewe alinicheka. Aliniambia, 'Hivyo tutalala mara moja tu.'"

Izza hakumweleza. Mtu wa Ouarzazate atakufa mara kumi kwa siku mikononi mwa Warumi, Waajemi na majambazi wa jangwani, lakini hatajilaza kwa ubavu wa kulia uso ukielekea kibla. Hivyo ndivyo anavyolazwa kaburini, na mauti si kitu cha kukionyesha njia. Kutoka hapa kibla ni mashariki. Kichwa cha Moha kilikuwa kusini, miguu kaskazini, uso mashariki, kwa unyoofu ambao mchimba kaburi asingeukosoa.

Asingejilaza hivyo mwenyewe. Kwa hiyo alilazwa. Na aliyemlaza alijua kwamba huyu si maiti wa filamu, wakati ambapo watu mia walikuwa hawajui bado. Alimuua, akamfumba macho, akampa haki yake ya maiti. Izza alikuwa ameona wauaji waliokimbia, na waliokata viungo. Mwuaji aliyeshindwa kumwacha aliyemuua alale vibaya alikuwa hajamwona.

Aliuliza ni nani waliopita kati ya maiti wakati wa moshi. Klara alihesabu kwa vidole bila shida: yeye mwenyewe, mzee Bassou aliyegawa maji, na Lalla Fadma, bibi aliyewapaka maiti damu ya filamu.

"Na Idder?"

"Askari wa Kirumi walipeleka farasi kunywa maji, nyuma ya ukuta. Sikumwona."

Ndani ya gari la polisi Idder alisema vivyo hivyo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mikono imefungwa pingu.

"Nilikuwa na farasi wangu, afande."

"Peke yako?"

"Na farasi."

"Farasi hawezi kuapa. Jana ulimwambia Moha utamuua. Kwa nini?"

Kijana aliangalia chini. "Maneno ya hasira tu."

"Hasira ya nini?"

"Ya kazi."

"Idder, saa chache zijazo utakuwa mbele ya mwendesha mashtaka kwa kuua mtu. Kama una neno la kusema, huu ndio wakati wake."

Alifungua mdomo, akaufunga. Jasho lilimtiririka kwenye rangi aliyopakwa usoni likaacha michirizi. Izza alishuka. Alimjua mtu anayeogopa kunyongwa, na alimjua mtu anayeogopa kusema. Huyu alikuwa wote wawili.

Mzee Bassou alikuwa mwadhini wa msikiti wa kijiji chake, na habari hiyo ilimfanya Izza amtazame mara mbili. Mtu wa namna hii asingepita karibu na maiti bila kumnyoosha. Mzee aliliona wazo hilo machoni mwake.

"Binti yangu, usinitazame hivyo. Mimi hata kuku nampa mwingine achinje."

"Ulipita karibu na Moha?"

"Nilipita. Moshi ulikuwa mzito, njia nilikuwa naipapasa kwa miguu. Nikamsikia anaguna. Hivi: hmmm! Nikamwambia, 'Kufa taratibu, Moha, mwongozaji Mfaransa hajafika bado.'" Alielewa, wakati ule ule, alikuwa amesema nini na kumwambia nani. Alijishika kwenye mlango wa hema. "Allah. Nilimtania. Alikuwa anakata roho nami namtania."

Izza alimpa kiti. "Nani alikuwa karibu naye?"

"Hakuna mtu. Labda dada yake, Fadma, na ndoo yake ya damu. Alikuwa anawarudishia damu, ilikuwa imekauka vumbi. Maskini mama huyo! Kwanza mwana, sasa ndugu."

"Jana ulikuwepo Idder na Moha walipogombana?"

"Nilikuwa namimina chai. Moha alimtaka apande juu ya ukuta ule mrefu, badala ya yule mgeni anayeruka, maana ameteguka. Idder akasema, 'Sipandi. Mimi si Yuba.' Moha akamwambia afunge mdomo. Idder akasema, 'Nimeufunga miaka mitatu! Ukinipandisha mimi nitakuua kabla hujaniua kama yeye.' Watu wamebeba hilo la mwisho tu. Watu hupenda utamu."

"Chai ulikuwa unammiminia nani?"

Mzee alifikiri. Kisha uso wake ukabadilika polepole, kama ukuta unaopata ufa.

"Fadma," alisema.

Yuba alikuwa mwana pekee wa Fadma. Mji mzima uliijua habari yake: miaka mitatu nyuma alianguka kutoka kwenye ukuta wa filamu akafa. Moha, mjomba wake, aliwaapia askari na familia kwamba kijana alipanda kwa utundu wake, bila kuagizwa. Idder alikuwa rafiki yake, na alikuwa uwanjani siku ile.

Hema la mapambo lilikuwa na joto na harufu ya nta. Juu ya meza, majeraha ya bandia yalikuwa yamepangwa kama mikate: mapana, membamba, ya mishale. Lalla Fadma alikaa chini, mashavu yake yamechanwa kwa kucha kama wafanyavyo wanawake waliofiwa. Ndoo ya damu ilikuwa kando ya goti lake. Tangu asubuhi hakuwa ameiacha, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

"Mungu akupe subira, Lalla."

"Amina, mwanangu. Karibu. Sina hata chai ya kukupa."

"Sikuja kunywa chai. Kisu chako cha kukatia nta kiko wapi?"

"Kiko hapo mezani."

"Hapo kuna kikubwa. Natafuta kile chembamba."

"Vitu hupotea, mwanangu. Watu wengi."

Izza alichuchumaa mbele yake, macho yao yakawa sawa. "Moha alichomwa baada ya picha ya Klara na kabla ya moshi kupungua. Aliyemchoma alimpaka damu ya filamu juu ya jeraha. Bassou hubeba maji. Klara hubeba kamera. Idder, hata kama angetoka nyuma ya ukuta, damu angeitoa wapi? Na Klara asingejua kumwelekeza mtu kibla. Sasa nataka nimimine ndoo hii, kwa idhini yako."

Fadma alisogeza goti lake pembeni. Izza aliinua ndoo akaimimina kwenye beseni, taratibu. Wekundu ulitoka mzito, ukivuta nyuzi. Mwishoni kitu kiligonga bati. Alikitoa kwa leso: kisu chembamba kama jani la mtende, kilichofichwa mahali pekee ambapo hakuna askari angeshangaa kuona damu.

Askari aliyekuwa mlangoni alitoa sauti ya mtu aliyepigwa ngumi.

"Nilimwuliza jana, baada ya chai," alisema Fadma. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilikuwa baya kuliko kilio. "Nilimfuata kwake. Nikamwuliza, Yuba alipanda mwenyewe? Kwanza alikataa. Kisha akasema jua lilikuwa linazama na mwongozaji alitaka picha kabla ya giza, na yule aliyepaswa kupanda hakuonekana. Akasema, 'Dada, tusifukue.' Tusifukue! Mwanangu si mfereji. Nilimkabidhi kwake kwa sababu mjomba ni mama wa pili. Miaka mitatu alikaa mezani kwangu akila."

"Ungekuja kwetu."

"Nyinyi mlikwisha kuja. Mliandika 'utundu', mkaenda."

Izza alikifunga kisu ndani ya leso. "Asubuhi ilikuwaje?"

"Nilipiga magoti. Alinijua kwa sauti ya ndoo. Nikamwambia inua mkono nikupake." Alitazama mikono yake, iliyokuwa nyekundu kama siku zote. "Akainua mwenyewe."

Nje, mtu alikuwa akiwaita farasi.

"Na kibla?"

"Tumetoka tumbo moja," alisema Fadma, kama anayemweleza mtoto. "Nilimuua. Sikumtupa."

Izza alisimama. Kulikuwa na jambo moja ambalo ukweli wote aliokuwa nao haukulifunika, na hakupenda mambo ya namna hiyo.

"Uliona Idder akikaliwa na wanaume watatu. Uliona akifungwa pingu. Yule ni rafiki wa mwanao, amekula nyumbani kwako tangu utotoni. Ungetaka muda wa kujiandaa ningeelewa. Lakini ulinyamaza mpaka sasa. Ulikuwa umesahau?"

"Sikusahau." Fadma aliinua uso, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Alimwona Yuba akipandishwa. Alimwona akianguka. Alikuja matangani akabeba jeneza, akalia begani kwangu, na akanyamaza miaka mitatu ili asikose kazi. Nikasema, basi na mimi ninyamaze kidogo. Aone."

"Ungemwacha anyongwe?"

"Sijui," alisema Fadma. "Nilikuwa bado natazama."

Yule askari wa mlangoni alitoka nje bila ruhusa.

Kamishna alipoambiwa alisema neno moja tu, jina la Mungu, kisha akaingia garini akafunga mlango. Izza alikwenda kwenye gari la polisi, akafungua pingu za Idder. Kijana alisugua vifundo vya mikono, akasubiri kuambiwa.

"Ni Lalla Fadma," alisema Izza.

"Hapana."

"Amekiri. Kisu tumekipata."

"Hapana, afande. Asubuhi hii amenipaka rangi yeye mwenyewe. Akanishika kidevu, akasema, 'Mungu akuonyeshe, mwanangu.' Nikasema amina." Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta ukuta wa kuegemea. "Alijua nimekamatwa?"

Izza angeweza kusema kwamba mama yule alikuwa amechanganyikiwa. Kamishna angesema hivyo, na ingekuwa huruma. Lakini hakuwahi kuona uongo uliomfaa mtu kwa muda mrefu, na uwanja huu ulikuwa na maiti wawili wa kuthibitisha.

"Alijua," alisema. "Alikuwa anakutazama."

Idder hakulia. Kisha kijana akajiweka sawa kwenye benchi la gari, akavua kofia ya chuma ya Kirumi, akaiweka sakafuni.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Basi andika. Ilikuwa jioni, jua linazama. Moha alituita wawili, akauliza nani mwepesi. Yuba alinitazama mimi kwanza, kwa sababu mwepesi nilikuwa mimi. Nikarudi nyuma hatua moja."

Izza aliandika.